Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: visu havitembei, tunavifuata sisi

Kwa: Mkurugenzi wa Manispaa
Nakala: Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Afisa Biashara, Mkuu wa Kikosi cha Mgambo

YAH: KUKAMATWA KWA BAISKELI ZA KUNOLEA PAMOJA NA VISU VYA WATEJA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnoa visu hapa Dar es Salaam. Kama umewahi kusikia asubuhi kengele ya baiskeli na sauti ya mtu mzima ikiita "Visu, mikasi, mapanga, noaaa!", basi huyo ni mimi au mwenzangu. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu pale Keko mwaka 1994, enzi ambazo seremala hanunui msumeno mpya mpaka wa zamani umeisha meno kabisa. Sina cheo na sisemi kwa niaba ya chama, maana chama hatuna. Nasema kwa ajili yangu na wenzangu sita tunaofahamiana, ambao wamesomewa barua hii kabla haijatoka na wawili wakanitaka nipunguze ukali. Nimepunguza.

Sikuanza na barua ya wazi. Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniandikia barua na kuigonga muhuri. Nikaipeleka kata. Kata wakanielekeza kwa Afisa Biashara, ambako nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza alikuwa semina, ya pili kikaoni, ya tatu nikamkuta akaniambia niandike. Nikaandika. Nakala yangu ina muhuri wa masjala unaosema IMEPOKELEWA, na sasa ni mwezi wa tano. Mara ya nne binti wa mapokezi alinisihi, kwa nia njema kabisa, niwe na subira. Subira ninayo, mwanangu. Kilichoniishia ni maneno ya kuwaambia wenye visu.

Niruhusu nieleze kwanza kazi yenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanaotukamata hawaijui. Baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani. Nikifika kwa mteja naisimamisha kwa stendi ya chuma, gurudumu la nyuma linabaki hewani, halafu navisha mkanda wa mpira kutoka kwenye rimu ya pembeni hadi kwenye kifimbo cha chuma chenye beringi mbili, kilichofungwa mbele ya usukani. Jiwe liko hapo. Nakaa kwenye siti, nakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Umeme sihitaji, mafuta sihitaji. Pembeni linaning'inia kopo la maji, kwa sababu chuma kikipata moto kupita kiasi kinageuka rangi ya bluu, na hapo kisu kimekufa: utakinoa leo, kesho kimelala. Kwa hiyo unagusa jiwe, unachovya, unagusa tena. Nikitoka kwenye jiwe nahamia kwenye kinoo cha mkono, kisha najaribu makali juu ya ukucha wa dole gumba. Kisu kikiteleza, bado. Kikishika, tayari, mpe mwenyewe.

Mkasi ni kazi nyingine. Unanolewa upande wa nje tu. Ukipitisha jiwe upande wa ndani, fundi cherehani atakurudia jioni hiyohiyo kwa sababu mkasi utakuwa unatafuna kitambaa badala ya kukata. Na msumeno, ah, msumeno ndio ulikuwa shule. Tupa ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, hili unalilaza kushoto na linalofuata kulia, ili njia iwe pana kuliko bapa na msumeno usibane ndani ya mbao. Mmoja ulikuwa unanichukua karibu saa nzima. Siku hizi naupata kwa nadra. Misumeno mingi ya dukani meno yake yamechomwa kiwandani, utaona ncha zina weusi wa kibluu, na tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Ikiisha makali inatupwa. Hilo sikulaumu wewe, Ndugu Mkurugenzi. Nalitaja ili ujue kwamba tumebaki na visu na mikasi tu, na hivyo ndivyo vinavyopotelea mikononi mwa watu wako.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnachukua vitu ambavyo si vyetu.

Hili ndilo lililonileta hadharani, nalo litachukua nafasi kubwa.

Ilikuwa Jumanne ya Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idd el Hajj. Mnoa visu hana msimu kama huo. Muislamu anayetaka kuchinja ameagizwa na Mtume anoe kisu chake ili mnyama asiteseke, kwa hiyo hata nyumba ambayo mwaka mzima inakata nyanya kwa kisu butu, wiki hiyo inakuita. Nilikuwa nimesimama kwenye uchochoro, nyuma ya bucha, si barabarani. Nina vitu vinane: visu vitatu vya mama lishe, viwili vya mwenye bucha, kimoja cha kuchinjia cha mzee mmoja wa msikiti wa jirani, panga moja la mlinzi, na mkasi wa fundi cherehani. Vingine vimeshanolewa, vingine vinasubiri.

Gari la mgambo likasimama. Walishuka vijana wanne, mmoja akashika usukani wa baiskeli, mwingine akakusanya kila kilichokuwa kwenye boksi langu. Nikawaambia, "Wanangu, chukueni baiskeli, lakini visu ni vya watu, wenyewe hawa hapa." Mwenye bucha mwenyewe alitoka na aproni yake akasema viwili vile ni vyake. Akaambiwa akavifuate ofisini. Baiskeli ikarushwa juu ya gari, jiwe likatangulia kutua.

Nilipewa kipande cha karatasi kimeandikwa kwa kalamu: "Baiskeli 1, mbovu." Nadhani aliyeandika aliona gurudumu lina mkanda, akadhani ndio ubovu wenyewe. Visu havikuandikwa. Mkasi haukuandikwa.

Siku ya tisa, Idd imeshapita, nikaikomboa baiskeli kwa shilingi 50,000. Nikauliza visu. Mtunza stoo akachukua ile karatasi yangu, akaisoma, akaniambia, "Mzee, hapa hakuna visu." Nikamwambia ndiyo, havikuandikwa. Akasema, "Basi kama havikuandikwa havikuwepo."

Jiwe nililikuta na ufa. Sisi jiwe tunalipima kwa kuligonga: zima linalia kama bakuli la udongo, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. La kwangu lilikuwa limekufa. Jiwe la namna hiyo huwezi kulizungusha, linaweza kupasuka likiwa kasini, na uso wa mnoaji uko karibu nalo kama uso wa fundi saa ulivyo karibu na saa. Nikanunua jingine Kariakoo.

Jiwe ni langu, hasara yake nimeibeba. Lakini mama lishe yule alinunua visu vingine kwa pesa ya unga. Mzee wa msikitini aliazima kisu cha kuchinjia siku ya Idd, kwa jirani, mtu wa miaka yake. Hakunitukana; alisema tu, "Si kitu, mwanangu," na tangu hapo hajanipa kisu. Mtaa ule sipiti tena asubuhi, napita jioni wakati watu wameingia ndani, na mnoa visu anayepita jioni hana maana yoyote.

Wenzangu wawili kati ya wale sita yamewapata yaleyale kwa nyakati tofauti. Mmoja alipoteza mikasi mitano ya mafundi waliokaa safu moja. Alilipa yote kidogokidogo, kisha akaacha kazi kwa miezi kadhaa akawa anabeba zege.

2. Kizimba mlichotupa hakitufai, na si kwa sababu tunapenda barabara.

Oktoba 2021, machinga walipoondolewa barabarani na kupangiwa maeneo, nami nilikwenda kujiandikisha. Sikuandamana wala sikujificha. Nikapewa kizimba kwenye soko, futi nne kwa tano, nikalipa ushuru wa siku kama wengine.

Siku ya kwanza nilinoa visu 22. Nikajisemea, kumbe Serikali ilikuwa na akili. Siku ya pili tisa. Ya tatu viwili. Siku ya nne alikuja mtoto mmoja, nikainuka haraka kukaa kwenye siti, kumbe ametumwa kuuliza mkaa unauzwa wapi.

Kisu nikikinoa vizuri, mama lishe hanihitaji tena mpaka wiki mbili au tatu. Mwenye bucha ana chuma chake cha kupitishia makali kila saa, kwangu analeta mara moja kwa wiki. Nyumba ya kawaida inaniita Idd na Krismasi. Soko zima lina mabucha kumi na mama lishe ishirini. Siku mbili nimewamaliza wote, na nimewamaliza kwa sababu nimefanya kazi yangu sawasawa. Muuza nyanya akikaa mahali pamoja, nyanya zinaliwa na kesho watu wanazitaka tena. Mimi nikikaa mahali pamoja, njia pekee ya kupata wateja kila siku ni kunoa vibaya.

Na mteja hawezi kunifuata. Nani atapanda daladala na kisu cha jikoni mkononi aje kulipa shilingi 500 ya kunoa, wakati nauli ya kwenda na kurudi inaishinda hiyo 500?

Halafu kuna cheche. Jirani yangu wa kizimba alikuwa anauza mitumba, magauni ya nailoni. Wiki ya kwanza cheche ilitoboa gauni moja, tukaelewana. Wiki ya pili matatu, hatukuelewana. Mwenzangu ana haki, nailoni na cheche havikai futi nne. Wiki ya tatu nikarudisha ufunguo. Kizimba kile sasa ni stoo ya vitunguu.

3. Kitambulisho mnakiuza, lakini hamkitambui.

Desemba 2018, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, nililipa shilingi 20,000 yangu kwa furaha. Baadaye tulipoandikishwa upya, kijana wa kompyuta akaniuliza aina ya biashara. Nikasema kunoa visu. Akatafuta kwenye orodha yake, hakuiona. Akaniuliza, "Kwani unauza nini?" Nikamwambia makali. Akacheka, akaandika "muuza visu". Sasa mimi kwenye kumbukumbu za Serikali ni muuza visu, na kila mgambo anayenisimamisha anataka kuona bidhaa.

Kuna na sanduku la "eneo la biashara". Niliambiwa lazima nichague moja. Kwa siku naweza kutoka Tandika, nikapita Keko, nikaibukia Buguruni, na Jumamosi nikafika hadi Manzese. Kitambulisho kinasoma mtaa mmoja, kwa hiyo mitaa mingine yote mimi ni mvamizi, na ushuru niliolipa asubuhi manispaa hii hautambuliwi mchana manispaa ile.

Mjomba wangu alikuwa akisimulia Nguvu Kazi ya 1983, watu wakikamatwa mjini na kurudishwa vijijini kwa kukosa kuonyesha kazi. Yeye alisimamishwa, akatoa tupa mfukoni, akaachiwa. Mimi leo nina tupa, na kitambulisho, na risiti ya ushuru.

(Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri sitaizungumzia sana. Asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Mimi ni mwanaume mzima mwenye miaka 51. Nimeridhika.)

4. Tunahesabiwa kuwa tumebeba silaha.

Mnoa visu akirudi nyumbani usiku na visu vya watu kwenye boksi, akisimamishwa anaanza kujieleza kama jambazi. Mwenzangu mmoja alilala kituoni kwa mapanga matatu ya walinzi, mpaka walinzi wenyewe walipokuja asubuhi kuyachukua. Hili najua si la manispaa peke yake, lakini karatasi moja yenye muhuri wenu ingetosha kulimaliza.

5. Lugha.

Hapa sina mengi. Kijana wa umri wa mwanangu wa pili akiniambia "toa takataka zako hapa" mbele ya wateja wangu, jioni sina cha kumweleza mke wangu. Waambieni hata wakitukamata, watukamate kwa shikamoo.

Najua mtakavyojibu, maana vipande vya majibu hayo nimeshavisikia kwenye korido zenu.

Mtasema sheria ndogo inakataza biashara barabarani na hamuwezi kuwa na sheria ya mtu mmoja mmoja. Sawa. Lakini mimi sipangi meza wala sijengi banda. Nasimama dakika ishirini mlangoni kwa mtu aliyeniita, kama fundi bomba anavyoitwa, kama anayekuja kuzibua choo. Fundi bomba hajawahi kuambiwa akae kizimbani asubiri mabomba yaletwe.

Mtasema tunachafua. Unga wa jiwe na chuma upo, siukatai, na wengi wetu tunaondoka bila kufagia. Kosa hilo ni letu, na tuko tayari kupigwa faini yake.

Mtasema watu siku hizi wananunua visu vipya vya bei rahisi, kazi yenu inakufa yenyewe. Nendeni Feri alfajiri mkawaulize wanaopara samaki wanakata na kisu gani. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu kinateleza. Kila mpishi anajua. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Aliyekinoa hawakumtaja, na sisi hatukuwahi kudai nyama. Tunadai visu tu.

Na mtasema mgambo wale hawakutumwa na ofisi. Basi ofisi ituambie ni nani aliyepokea zile 50,000, maana nilizilipia ndani ya jengo lenu, mchana, dirishani, na risiti ninayo.

Tunachoomba, Ndugu Mkurugenzi, hakihitaji bajeti.

Kwanza kabisa, kuanzia kesho, mgambo asichukue kitu cha mteja. Kama mnoaji amekosa, kamata baiskeli, lakini visu viachwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mwenye duka wa karibu, na kila kinachochukuliwa kiandikwe mbele ya mwenyewe, kwa idadi na kwa alama yake, wasaini wote wawili. Hili halingoji kikao cha Baraza la Madiwani; ni agizo la mdomo, linatolewa asubuhi kwenye paredi.

Pili, orodha yenu iongezwe mstari mmoja: fundi anayetembea. Humo tutaingia sisi, wataingia mafundi viatu wa begani, mafundi miamvuli, wanaotengeneza majiko na masufuria mlango kwa mlango. Kwenye "eneo la biashara" paandikwe manispaa nzima, na ninyi wakurugenzi wa manispaa za mkoa huu mkae siku moja mkubaliane kutambua ushuru wa mwenzenu. Kama bei itapanda kidogo kwa sababu hiyo, tutaongea.

Kizimba changu wapewe wenye vitunguu. Badala yake tupangieni siku na mahali pa kusimama kwa saa chache: Jumatatu nyuma ya soko hili, Jumanne karibu na machinjio. Tutafagia, na asiyefagia mumwondoe.

Na ile barua ya masjala ijibiwe. Hata kwa kukataa.

Wiki ijayo, Jumatano saa tatu asubuhi, nitakuja ofisini kwako nikiwa na wale sita. Hatuji na mabango. Tutakuja na baiskeli moja, na kama jikoni kwenu kuna visu vya chai ya wafanyakazi, tutavinoa pale nje bila malipo ili uone kazi yenyewe ilivyo na inachukua nafasi kiasi gani.

Kabla ya hapo, naomba mtunza stoo aangalie mara moja zaidi. Visu vya mama lishe vina mipini ya mbao, kimoja kimefungwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli. Cha kuchinjia ni kirefu, mpini wa pembe, karibu na shina kina herufi mbili zilizochongwa kwa msumari. Mkasi wa fundi cherehani ni mzito, wa chuma kitupu, na pete ya dole gumba imezungushiwa kitambaa chekundu. Huo haujanolewa bado. Ukipatikana, msiutumie kukatia makaratasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mnoa visu wa baiskeli
Dar es Salaam